Chai Haipendi Jivu

Mwanangu, kuna siku moja bado naikumbuka, na nikiona jivu nacheka peke yangu. Nilikuwa nimeolewa hapa karibu na Litein, na mimi na mzee wangu Kipkoech tulikuwa tumepanda miche ya chai, shamba letu la kwanza. Hiyo miche ikikufa, tunarudi kuchuma chai ya watu.

Mzee wangu aliipenda, wacha tu. Kila asubuhi anatoa jivu jikoni anaimwagia, kwa sababu sukuma wiki ya mamake ilikuwa inanona na jivu. Miche ikageuka njano. Yeye akaona haijashiba, akaleta karai ingine imejaa.

Mamake akamshika mkono. "Weka chini hiyo karai, Kipkoech."

"Si sukuma inakula?"

"Na ng'ombe inakula nyasi. Wewe unakula?"

Akaniambia nilete chai ya rangi, vikombe mbili. Moja akakamulia ndimu, chai ikang'aa. Ingine akatia maji ya jivu, ikakuwa nyeusi tii. Akasema, "Chai inataka udongo iko na uchachu. Jivu inamaliza huo uchachu." Basi tukahamisha miche kule juu, mbali na jikoni. Pole pole ikarudi kijani. Mzee wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa anaenda kuiangalia hata na mvua.

Sasa juzi mjukuu wangu Chebet anataka kupanda yake. Akakoroga udongo na maji safi, akatumbukiza kikaratasi ya kubadilika rangi. Karibu na jikoni ikasema saba, kule juu tano. Nikadhani ile jivu ya zamani imeisha na uchachu umerudi, nikamwambia apande kwa saba, si ndiyo kubwa?

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kogo, nyanya yangu, hiyo namba ni pH, kipimo cha uchachu, na inahesabu kinyume. Uchachu, yaani asidi, ni vidude vidogo vya haidrojeni ndani ya maji, vinaitwa ioni. Vikiongezeka, namba inashuka. Kutoka saba mpaka sita vimekuwa mara kumi. Ukifika tano, mara mia."

Mara mia, mwanangu, na mimi naona ni namba mbili tu. Kumbe ile jivu ya kila asubuhi haikuwa kidogo.

Kwa hivyo ukipenda mtu, uliza kwanza yeye anashiba nini. Usimpe tu ile inakushibisha wewe, na usiseme ni kidogo. Mungu akupe udongo inakupenda, na siku umebeba karai yako kwa roho safi, akupe mtu wa kukushika mkono.