Blogu ya Malukhu na Wapinzani Wetu wa Buwenge

Nilipoanza kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari pale Malukhu, Mbale, mashariki mwa Uganda, wanafunzi wangu wa kidato cha pili walinitazama kama mtu aliyekuja kuwakamata. "Madamu, hii lugha ni ya maaskari," mmoja aliniambia siku ya kwanza, kwa adabu kabisa. Mimi mwenyewe nilifundishwa na baba yangu, na baba yangu alikuwa askari jela.

Insha zao zilikuwa mistari minne, zote zikifanana. Nilizisoma peke yangu, nikazirudisha na wino mwekundu, zikaishia chini ya madawati. Ndipo nikafungua blogu ya darasa kwenye simu yangu. Nikawaambia kwamba kila Ijumaa tutachapisha insha moja, na yeyote duniani ataweza kuisoma. Wakacheka. Dunia isome nini kutoka Malukhu?

Wa kwanza kujitolea alikuwa msichana mrefu wa kiti cha nyuma, ambaye sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia. Aliandika kuhusu kwao, chini ya mlima Wanale: maporomoko, migomba, kahawa. Sasa, huku kwetu r na l hubadilishana nafasi bila kuomba ruhusa, na mimi kwa haraka zangu sikuona. Tukachapisha: "Karibuni Wanale, mahari pazuri pa kupumzika."

Jumatatu tukakuta mtu ametuandikia. Alikuwa dereva wa lori, Mkenya, aliyekwama kwenye foleni ya mpakani. "Mahari nzuri namna hiyo," aliuliza, "ni ng'ombe wangapi?"

Nikalieleza darasa tofauti ya mahali na mahari. Walipiga madawati. Mmoja aliomba ruhusa atoke nje akacheke vizuri. Niliogopa kumtazama yule msichana, lakini alikuwa amekwisha kusimama, mkono ameunyosha. "Madamu, nipe simu. Nimjibu."

Akaandika: "Bwana dereva, samahani, ni mahali. Lakini kama uko na ng'ombe, walete. Majani iko."

Dereva alijibu siku hiyo hiyo kwamba tumepata msomaji. Tangu hapo sikupumzika. Walinifuata hadi chumba cha walimu, kamusi mkononi, kila mmoja akidai zamu yake.

Kisha tukaandika kuhusu malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyapika na karanga. Mwalimu mmoja wa Buwenge, kule kaskazini mwa Jinja, akawasomea wanafunzi wake. Wakafungua blogu yao ili kutujibu tu: "Mianzi ni ya kutengenezea viti. Watu wa Mbale wanakula viti."

Wangu wakajibu kwamba afadhali kiti kuliko viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni kama watu wa Buwenge. Vita vikachukua muhula mzima. Pande zote mbili zilipekua kamusi zikitafuta maneno makali ambayo si matusi, na mimi nilisahihisha makosa machache kuliko wakati wowote.

Muhula ulipoisha nikawapeleka wanafunzi wangu Jinja wakakutane na wale wa Buwenge, kando ya Nile. Tulibeba malewa kwenye sufuria. Mwanzoni makundi yalisimama mbalimbali, wale wakali wa kuandika wakitazama viatu vyao. Msichana wangu akapakua sahani, akampelekea mvulana aliyeandika habari za viti. Akaonja. Akatafuna polepole.

"Hiki kiti," akasema, "kina mguu mwingine?"

Mimi na yule mwalimu wa Buwenge tulicheka mpaka tukashikana mabega tusianguke. Walipomaliza kula walikaa pamoja kuandika makala moja ya blogu zote mbili. Tulipowasogelea, wakatufukuza. "Madamu, mwalimu, nyinyi kwenda huko kwanza."

Tukaenda. Tukavua viatu, tukatia miguu majini. Yalikuwa baridi, na tulipiga kelele kama watoto.