Walikuwa Wawili

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya tisini nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Homa Bay. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya mahali nilipokulia. Kwetu ni Migori, katika ploti ya nyumba za kupanga ambako jirani wa kulia alisema Kijaluo kama sisi na wa kushoto Kikuria, na shuleni walimu wakatuchapa mpaka Kiswahili na Kiingereza vikakaa. Hakimu alisema Kiingereza chake, nami nikawagawia watu, kila mmoja kwa lugha yake. Nilivaa tai kila siku. Mama yangu aliwaambia wenzake sokoni kwamba mwanawe anasema na hakimu.

Kesi nyingi zilikuwa ndogondogo: pombe ya chang'aa, ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, ngumi za siku ya soko. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, lori la gereza lilileta watu wengi zaidi walioshtakiwa kwa wizi wa mabavu. Kosa hilo halikuwa na dhamana. Aliyeshikwa alikaa rumande mwaka, mwaka na nusu, akingoja kesi yake. Na akipatikana na hatia, adhabu ilikuwa moja tu, kunyongwa. Hakimu hakuwa na ruhusa ya kupima kama umeiba mamilioni au umeiba kuku. Ilitosha uwe na silaha, au uwe umemjeruhi mtu, au mwe zaidi ya mmoja.

Kuna kesi moja ambayo sijaweza kuiweka chini.

Mshtakiwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibarua wa kuvuna mahindi ya watu huko Lambwe. Alasiri moja, yeye na binamu yake walimsimamisha mfanyabiashara wa mitumba kwenye njia ya Kosele, wakamwangusha, wakachukua baiskeli na bunda la nguo. Binamu alitoroka, ikasemekana amevuka kwenda Tanzania, na hakuonekana tena. Kijana alishikwa siku ya tatu akiwa amevaa shati moja kutoka katika lile bunda.

Mlalamishi alikuwa mzee wa Kikuria, Msabato, mtu wa miaka kama hamsini aliyehamia Kosele kwa biashara. Alipopewa Biblia aliishika kwa mikono miwili.

"Walikuwa wangapi?" mwendesha mashtaka akamwuliza.

"Walikuwa wawili."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mmoja alishika usukani, huyu akanivuta shati."

Nikaigeuza kwa Kijaluo ili mshtakiwa asikie: *ne gin ji ariyo*. Kijana akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na wakili, na hakuna aliyemweleza uzito wa hesabu ile. Alipoambiwa anaweza kumwuliza shahidi swali, alisema, "Mwambie sikumpiga."

"Ni kweli," mzee akajibu. "Hakunipiga."

Siku ya hukumu hakimu alisoma taratibu. Alipofika mwisho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema sheria haikumwachia njia nyingine. Kisha akatamka adhabu na kunitazama.

Katika Kijaluo kuna neno *nyaka*. Lina maana ya "lazima", tena lina maana ya "mpaka". Nilimwambia kijana sheria inasema *nyaka itho*, lazima ufe. Yeye alisikia ile maana nyingine. "Nimeelewa," akaniambia. "Nitafungwa mpaka nife." Nyuma yake mama yake, mjane aliyevaa kitambaa cha kanisa, alishusha pumzi. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ameelewa.

"Ameelewa, Mheshimiwa," nikasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha. Nikaiacha ipite.

Yule mzee wa mitumba, ambaye Kiingereza alikifahamu kiasi, alisimama kabla askari hawajamtoa kijana. "Mheshimiwa, baiskeli yangu nimerudishiwa. Mimi sina neno na kijana huyu tena."

"Keti, mzee," hakimu akamwambia kwa Kiswahili, bila ukali. "Jambo hili si lako sasa."

Nilimkuta nje, karibu na bomba la maji, kofia mkononi.

"Karani," akaniambia, "na kama ningesema alikuwa peke yake?"

Nilifikiria kumdanganya. "Angefungwa miaka, mzee. Labda mingi. Lakini angetoka."

Akakaa chini palepale kwenye saruji yenye maji. "Lakini walikuwa wawili," akasema. "Na nilikuwa nimeapa."

Kijana akapelekwa gereza kubwa la mji mwingine, wanakowekwa waliohukumiwa kunyongwa. Baada ya miezi kama miwili mama yake akanijia mahakamani. Alikuwa ametoka kumtazama. Alinisimulia tukiwa tumesimama kwenye veranda, bila kupandisha sauti. Chumba cha watu watatu wamewekwa wanane. Wanalala ubavu, na mmoja akigeuka lazima wote wageuke. Askari mmoja alikuwa amemwambia kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyepelekwa kwenye kamba, lakini mahakama hazikuacha kuleta watu. Wanaingia, hawatoki.

"Habari ya kamba mwanangu aliambiwa na wenzake, ndani," akasema. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Ungeniambia, *nyathina*."

Mwanangu, aliniita hivyo. Angenitukana ningepata nafuu. Tangu siku hiyo sikutumia tena *nyaka* kizimbani. Niliwaambia watu waziwazi kwamba ni kamba, ni shingo. Wengine walipiga magoti. Mmoja alikojoa aliposimama. Hakimu aliwahi kuniuliza kwa nini Kijaluo changu kimekuwa kirefu hivyo, nikamwambia ndiyo tafsiri yake.

Kijana alikata rufaa, ikakaa zaidi ya miaka miwili. Mzee wa mitumba aliniomba nimwandikie barua kwa majaji, nami nikaiandika. Siku ya kusikizwa tulisafiri pamoja mpaka Kisumu. Alivaa suti yake ya Sabato. Alidhani ataitwa aseme. Hakuitwa. Majaji walisema hakuna ubishi kwamba wezi walikuwa wawili, kwa kuwa mlalamishi mwenyewe alithibitisha hilo kwa kiapo, na mlalamishi ameonekana kuwa shahidi mkweli. Dakika chache tu, rufaa ikatupwa. Kijana alikuwa amekonda mpaka pingu zilicheza mkononi. Alikohoa muda wote. Alipotuona alituinulia kidevu, kama mtu anavyosalimu jirani ng'ambo ya barabara.

Alikufa kabla ya mvua za masika zilizofuata. Kifua kikuu kilikuwa kimepita katika vyumba vile kama moto katika nyasi kavu. Barua ya gereza ilipitia kwa chifu, na ilipomfikia mama walikuwa wameshamzika hukohuko, pamoja na wengine.

Kwetu Wajaluo, mwili wa mtu usiporudi, huzikwa badala yake *yago*, tunda refu na zito la mti wa mwegea, ili nyumba yake isibaki wazi. Nilikwenda. Tunda lilikuwa limefungwa shuka jeupe, limelazwa kwenye kijisanduku cha mbao, na wanawake walililia kwa jina la marehemu. Mashemasi walisimama kando kidogo, kwa kuwa kanisa halipendi mambo hayo, lakini hawakuondoka.

Sala ilipokwisha nikamwona mzee wa mitumba langoni. Alikuwa amesimama tu. Watu walimtambua, na manung'uniko yakapita. Ndugu wa baba yake kijana akamwendea.

"Huyu ndiye aliyemuua. Atoke."

Mzee Kijaluo alikijua cha sokoni tu, lakini alielewa mkono uliomnyooshea njia. Akageuka aende zake.

"Mwacheni," mama akasema kutoka alipoketi. "Huyu alikwenda Kisumu kumwombea mwanangu. Nyinyi mliokuwa na damu yake, nani alikwenda?"

Mama akaniita nimwambie mgeni aingie. Nilipomwambia kwa Kikuria, akajifuta macho kwa mkono wa suti. Alitembea mpaka kaburini, akaomba koleo kutoka kwa mmoja wa vijana, akaanza kufukia. Alifukia muda mrefu kuliko zamu ya mtu mmoja, suti ikajaa vumbi jekundu, na alipotaka kupokewa hakuna mwanamume aliyenyoosha mkono. Nikavua tai, nikaitia mfukoni, nikaenda kumpokea.

Baadaye tuligawiwa *nyoyo*, mahindi na maharagwe, katika sahani za bati. Wanaume walikuwa wameketi karibu karibu kwenye viti vya kanisa na hawakusogea. Vikongwe wakamtengea mzee nafasi kwenye mkeka wao, akakaa hapo miguu ameikunja, akala chakula chote alichopewa.