Siku Walipomwambia Mmaya Kwamba Hayupo

Darasa la binti yangu lilikuwa linajifunza habari za Wamaya, na mwalimu akaomba wazazi wawili wawasindikize watoto kwenda makumbusho ya mjini. Nilikubali kwa sababu ilikuwa siku yangu ya mapumziko kazini, kwenye makao ya wazee. Mzazi wa pili alikuwa mama mmoja kutoka Guatemala, mke wa mwanafunzi wa chuo kikuu. Binti yake na wangu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Mimi na yeye tulikuwa tumefahamiana kwa ajili ya unga. Aliniuliza langoni mwa shule ninapata wapi unga mzuri wa mahindi, nikampeleka kwenye maduka ya wahamiaji mtaa wa Alum Rock. Kwao wanachemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga. Nikamwambia kwetu Ukambani bibi yangu alitia magadi kwenye mahindi na maharagwe. Tangu siku hiyo akawa anakuja kwangu. Alikuwa Mmaya wa milimani, na simu za nyumbani alizipokea kwa lugha yao. Kiingereza chake kilikuwa cha kutafuta maneno, lakini alichotaka kusema alikisema.

Tulipanda treni kituo cha Selly Oak tukashuka mjini. Kwenye makumbusho tulipokewa na kijana mwongozaji, amejipaka rangi usoni na kuvaa manyoya ya plastiki kichwani. Aliwakalisha watoto chini akawaeleza habari za mahekalu na kalenda. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha akashusha sauti.

“Halafu siku moja Wamaya wakatoweka. Hakuna anayejua walikwenda wapi.”

Watoto wakaguna kwa mshangao. Mwenzangu akainua mkono, kama mwanafunzi.

“Mimi ni Mmaya,” alisema.

Kijana akacheka. “Safi kabisa! Watoto, leo tuna mgeni kutoka zamani za kale.”

Watoto wakacheka pia. Yeye akashusha mkono. Nilimtazama mwalimu nikidhani atasema neno. Alikuwa anapiga picha.

Kikafuata kile kijana alichokiita mchezo. Alitaka mtoto mmoja alale juu ya meza awe kafara. Mikono ilijaa hewani, binti yangu akiwa wa kwanza, lakini kijana alimchagua binti wa mwenzangu, ambaye hakuwa ameinua mkono. “Wewe unafanana nao hasa,” alimwambia. Mtoto akamtazama mama yake, akapanda mezani. Kijana akamfunika kitambaa, akainua kisu cha mpira, akatoa chini ya kitambaa moyo mwekundu wa plastiki na kuutikisa juu. Darasa zima likashangilia. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa nguvu, na kidevu kinamtetemeka.

Nilisimama. “Mshushe mtoto hapo.”

“Ni mchezo tu, mama.”

“Nimekwambia mshushe. Mama yake amekuambia yeye ni nani, umemcheka. Sasa unamchinja mtoto wake mbele yake.”

Mwalimu alikuja akanishika kiwiko. “Tuzungumze nje, tafadhali.”

“Tutazungumza hapa hapa.” Binti yangu alinivuta koti akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, ninamwaibisha.

Wakati sisi tunabishana, mwenzangu alikwenda mezani mwenyewe. Akamwondolea binti yake kitambaa, akamteremsha, akamweka nywele sawa. Kisha akamgeukia kijana.

“Mama yangu amenipigia simu asubuhi,” alisema. “Alikuwa anapika. Hajatoweka.”

Mwalimu akapiga makofi akatangaza kuwa ni saa ya chakula.

Nilidhani mwenzangu atanishukuru. Kwenye treni ya kurudi alikaa karibu na dirisha, binti yake amemlalia begani, na baada ya kituo kimoja akaniambia, “Ningesema mwenyewe. Nilikuwa natafuta maneno. Wewe ukapiga kelele, na sasa watoto watakumbuka kelele zako.”

Nilijua anasema kweli, na bado hasira yangu haikupungua. Iliongezeka, kwa sababu hata nafasi ya kumkasirikia yule kijana vile mwenzangu alivyotaka ilikuwa imemponyoka.

Baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alizungumza kwa upole ule wa Kiingereza, unaokukata bila kutoa damu. Alisema makumbusho yanasikitika iwapo kuna mtu yeyote aliyejisikia vibaya. Nilimuuliza huyo mtu yeyote ni nani, maana ana jina na mtoto wake yuko chumba cha tatu kutoka ofisini hapo. Akasema ananielewa, ila kijana wa watu alikuwa ameumia sana kwa maneno yangu. Tangu hapo sijaombwa kusindikiza safari yoyote.

Mwenzangu ndiye aliyeombwa. Muhula uliofuata mwalimu alimwendea langoni akitabasamu, akamwomba aje darasani amevaa nguo za kwao, awafundishe watoto maneno mawili matatu, na kama haitamsumbua alete na chakula cha kuonja. Mwenzangu alikuja kwangu jioni ile moja kwa moja, mara ya kwanza tangu siku ya treni.

“Ukamjibu nini?” nilimuuliza nikimmiminia chai.

“Nikamwambia nina kazi.”

“Kazi gani?”

“Sina kazi.”

Akavuta kikombe, akaongeza sukari, akaanza kunieleza upya maneno yote ambayo angemwambia yule kijana kama angepata muda. Safari hii maneno yalimjia bila kutafutwa, mengine kwa lugha ya kwao, na sikumkatiza hata mara moja. Wasichana wetu walikuwa juu wanarukaruka kitandani, dari inatikisika, na hakuna kati yetu aliyewaambia waache.