Mwalimu, Twakimbia N'ni?

Siku yangu ya kwanza kazini, katika skuli moja ya Makangale, Pemba, enzi za Mwingereza, Mwalimu Mkuu alinikabidhi filimbi na kipindi alichokikwepa kila mtu: drili, yaani mazoezi ya viungo kwa amri. Mwalimu mpya alikuwa wa majaribio, na Mkaguzi wa Skuli ndiye aliyeamua kama anabaki.

"Watoto wasipokimbia mbele ya Mkaguzi," alinionya Mwalimu Mkuu, "utarudi kwenu kuchuma karafuu."

Na mimi naogopa kupanda hata kitanda kirefu.

Nikapuliza filimbi, nikawaamuru wakimbie. Hakuna aliyetikisika. Faki, mkubwa wao, akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, twakimbia n'ni?"

Hakuwa na ujeuri. Kwao, anayekimbia ama anakimbiza ama anakimbizwa. Zaidi ya hapo ni wazimu. Wazazi nao walikuja kuniuliza, kwa upole unaoudhi, watoto wao wamekosa nini hata waadhibiwe kwa mbio. Roho ilinichoka.

Ukaguzi ulipokaribia nikakumbuka mchezo wa ng'ombe, ambao Mpemba huacha wali sahanini akautazame. Mchokozi humpungia ng'ombe kitambaa, ng'ombe akamvamia. Basi Faki nikamvika pembe za makuti, wenziwe nikawapa vipande vya kanga. Walikimbia mpaka kuwasimamisha ikawa ndiyo kazi.

Mkaguzi, bwana wa Unguja mwenye kitambi cha heshima, alitazama akafurahi. Jua lilikuwa kali. Akatoa hanchifu yake, akaikung'uta ili ajifute jasho. Watoto wakashangilia: Bwana Mkaguzi kaingia uwanjani! Faki akainamisha pembe.

Mkaguzi alizunguka skuli nzima, kofia kule, kiatu huku, akaja kuponea juu ya meza ya Mwalimu Mkuu. Nilikwisha kuziona karafuu zikiniita.

Alipopata pumzi akasema, "Mwalimu, hiyo ndiyo drili. Utabaki. Ila nikija tena, mfunge ng'ombe wako."

Nikabaki. Nilifundisha Makangale, kisha Gando, nikastaafia Konde, na kazi ile naipenda hadi leo. Siku hizi daktari ameniamuru nitembee mbiombio kila asubuhi. Jana, karibu na soko, mzee mmoja mwenye mvi na magoti mabovu alinisimamisha. Alikuwa Faki.

"Mwalimu," akaniuliza, "wakimbia n'ni?"

Nikatoa hanchifu mfukoni, nikampungia. Akainamisha kichwa.