Oili ya Safari ya Moshi

Juzi mjomba wa mke wangu alifariki huko Moshi. Shemeji yangu Eliamani akaleta Landrova yake kwetu Mchafukoge, tumpeleke mama mkwe mazikoni. Mimi, fundi wa kushona mashati, nikamwambia shemeji apumzike, oili ya injini nitabadilisha mwenyewe hapo uani. Nikaingia chini ya gari, nikafungua nati, nikamwaga yote, kisha nikajaza mpya kwenye injini.

Tulipofika Mnazi Mmoja, hata mjini hatujatoka, gia zikalia kama zinasaga mawe, gari likagoma.

Shemeji akachungulia chini. “Oili uliyomwaga ilikuwa nyeusi?”

“Hapana,” nikajibu kwa majivuno, “ilikuwa safi kabisa.”

“Basi si ya injini, umemwaga ya giaboksi.”

Mama mkwe akanitazama. “Baba, kaka yangu watamzika bila mimi.”