Dala Nililokwenda Nalo Mazikoni

Dala lile nilipewa dukani hapa Ifakara, likiwa chenji. Nilinunua betri za redio, mwenye duka akanirudishia sarafu ya mia tano, nami kwa kuwa miwani niliiacha nyumbani nikaitia mfukoni nikaondoka. Nilipofika kwangu na kuvaa miwani ndipo nikaona sarafu yenyewe ina kona kumi.

Vijana wa sasa hawalijui dala. Ni shilingi tano ya zamani, nyeupe, pana, nzito. Nilipoanza kazi ya ualimu, mtu mwenye dala mfukoni alitembea kifua mbele. Leo halinunui hata kiberiti, ila kwa mzee asiye na miwani linaweza kupita kama mia tano. Nilimtukana yule mwenye duka kimoyomoyo, nikapanga kurudi kesho yake nikamwoneshe kazi.

Sikurudi. Jioni ile nilikumbuka ujumbe uliokuwa ukizunguka katika kundi letu la wasapu la walimu wastaafu: kuna watu wananunua sarafu za zamani kwa mamilioni. Mwezi uliotangulia niliusoma ujumbe ule nikacheka, nikawaandikia wenzangu kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini wakati ule sikuwa na dala.

Niliipiga namba iliyoandikwa pale. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole, akaniamkia shikamoo kabla sijasema lolote. Aliuliza kona, akauliza uzito, akanikataza kulisugua kwa majivu. "Mzee wangu, hiyo ni mali," alisema. "Itunze." Shida ilikuwa moja tu: lazima dala lipimwe kwanza kwa mashine, na kipimo ni laki mbili na nusu.

Laki mbili na nusu nilikuwa nayo, na huo ndio uliokuwa mtihani. Ilikuwa ndani ya sanduku chumbani kwetu, mimi na mke wangu tuliiweka baada ya kuuza mahindi, na ilikuwa hela ya trekta. Tuna ekari tatu za mpunga kule Michenga. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na anayeijua Michenga anajua kwamba maji yakipanda mbugani trekta haliingii tena. Usipolima wiki ile, mwaka huo unakula mpunga wa wenzako.

Siku nne nililigeuzageuza dala lile. Nilikwenda benki, kwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mama mtu mzima mwenye meza yake. Alilitazama pande zote mbili, akanirudishia kwa adabu. "Mwalimu, hii weka tu kumbukumbu. Wajukuu watafurahi." Sikulipenda jibu lile. Nilitoka nikijisemea kwamba mtoto huyu hesabu zilimsumbua tangu darasa la nne. Ndivyo tamaa inavyofanya kazi: anayekwambia kweli unamwona mjinga, na anayekwambia uongo unamwona ana elimu.

Siku ya tano nikafungua sanduku mke wangu akiwa kisimani, nikachukua zile hela. Mjumbe wa mnunuzi angenisubiri stendi saa kumi na moja jioni, nimpe dala na laki mbili na nusu kwa pamoja. Kabla ya hapo nilikuwa na msiba Idete, maziko ya baba yangu mdogo. Nikaona nipitie kwanza huko. Hela nilizitia mfuko wa suruali. Dala nililifunga kwenye leso, nikaliweka mfuko wa shati, upande wa moyo, niwe nalisikia.

Hapo ndipo nilipokosea, tena kosa la mtoto mdogo. Sisi ni Wapogoro, na watani wetu ni Wangoni. Mpogoro mwenye akili haendi msibani na kitu asichotaka kupoteza, kwa sababu mtani ana haki ya kukichukua, na ukikasirika aibu ni yako.

Jeneza lilikuwa limewekwa kando ya kaburi. Mjane, mama yangu mdogo, alikuwa hajasema neno tangu juzi yake. Ndipo akajitokeza bibi mmoja wa Kingoni, mfupi, kanga mbili kiunoni, akasimama mbele ya kaburi akanyoosha mikono.

"Hazikwi mtu hapa! Huyu mtumwa wetu anaondoka bila nauli? Nyie Wapogoro kwa ubahili!"

Watu wakaanza kumpa sarafu. Akapita kwa kila mmoja akipapasa mifuko, na alipofika kwangu mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye shati.

"He! Mwalimu, kumbe moyo wako una uvimbe!" Akaitoa leso, akaifungua kwa meno, akaliinua dala watu walione. "Dala! Jamani, marehemu hela yake ndiyo hii! Hizi zenu angezijulia wapi?"

Nilifungua kinywa. Nikasikia mtu akicheka, nikageuka, kumbe ni mama yangu mdogo. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, ameshika mbavu. Nikakifunga kinywa changu. Dala likaenda kaburini pamoja na sarafu za watu wengine, jeneza likashuka juu yake, udongo ukafuata. Nilirusha konzi yangu ya udongo kama wengine, na Mungu anisamehe, machozi niliyolia pale si yote yalikuwa ya baba mdogo.

Nilikuwa bado natoka makaburini simu ilipoita. Nilimwambia yule mnunuzi kwamba dala limepotea, basi tena. Hakushtuka hata kidogo.

"Hamna shida, Mzee wangu. Wewe mpe kijana ile laki mbili na nusu kwanza. Sarafu utaleta ukiipata."

Nilisimama palepale njiani. Mtu anayetaka dala, dala halipo, na bado hana shida! Nilikata simu bila kumuaga, nikatia mkono mfukoni, nikazikuta noti zote. Nikakaa kwenye nyasi na suruali yangu ya msiba, nikacheka peke yangu mpaka waombolezaji wakadhani kifo kimenizidi.

Bodaboda ilinifikisha nyumbani jua likiwa bado juu. Mke wangu alikuwa amekaa barazani, mikono mapajani, jiko halina moto. Nikajua amefungua sanduku. Sikutafuta maneno. Nilizitoa zile hela nikamwekea mkononi.

"Nilijua zimeshakwenda," alisema. "Nimekwenda kwa jirani yule Msukuma kuomba kibarua cha kupandikiza. Amesema nianze Jumatatu."

Ana miaka sitini na tatu, na mgongo wake naujua kuliko ninavyoujua wangu. Nilimpigia mwenye trekta, mke wangu akinisikiliza, kisha nikavaa tena viatu, nikaenda mwenyewe kwa jirani kumwambia kwamba Jumatatu mke wangu haji.