Taa ya Bwana Jua

Nakumbuka mlio kwanza, mwanangu, kabla sijakumbuka sura ya mtu yeyote. Sssss, kama kuni mbichi inayolia motoni, kisha pa! pa! kama bisi zikipasuka chunguni. Ulitoka nyuma ya mlango uliofungwa wa hospitali ya misheni huku kwetu milimani, siku moja ya ukungu mzito, na ndani ya chumba kile alikuwamo mdogo wangu Nakunda.

Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Nilikuwa binti mcheshi, mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Darasa la nne nilikuwa nimelimaliza, na nilijiona siku moja nimevaa kofia nyeupe ya unesi, napita bomani Same watu wakinipisha njia. Lakini asubuhi ile kicheko kilinikauka.

Nakunda alikuwa na kidonda pembeni mwa pua. Kilianza kama punje ya ulezi, tukakidharau. Tukakibandika majani, kikala. Tukakiombea, kikazidi kula. Kwaya akaacha, na kanisani akawa anakaa nyuma kabisa, kanga imemfunika hadi machoni. Na pua, mwanangu, si jino la utoto. Ikienda imekwenda.

Enzi hizo Waingereza ndio waliotutawala, na daktari mwenye chumba kile alikuwa mmoja wao. Huko kwao alikuwa mwalimu wa madaktari. Dresa wetu, yule mfunga vidonda wa hospitali, alitueleza kwamba mzee yule, tangu ujana wake, hakusomea kitu kingine ila ngozi na mwanga: mwanga upi unaponya, upi unaunguza, na mpaka wake uko wapi. Taa yake, ndiyo ile yenye mlio, ilikuja kwa treni hadi Same, ikapandishwa mlima masandukuni, vichwani mwa watu. Ndipo akaitwa Bwana Jua. Jina zuri, lakini watu walilitaja kwa kunong'ona. Habari za mumiani, wale wanaosemwa hukamua watu damu wakaiuza, nazo zilikuwa zimepanda mlima, tena bila mpagazi.

Nakunda alitoka, tukaondoka. Tulipofika njiani, migombani, alipandisha mkono wa gauni.

"Dada, pua hawakuigusa. Wamechoma mkono mzima, usio na kitu. Tazama."

Nilitazama. Vimraba vyekundu vilijipanga mstari mmoja, kutoka kilichofifia hadi kilichoiva kama pilipili.

"Tena wamenikata kinyama kidogo hapa kando ya kidonda, wakakitia kwenye chupa. Nilimwuliza dresa cha nini, akaniambia nitulie."

Nyumbani, baba yetu mdogo aliushika mkono ule akaugeuza geuza.

"Alama za kupangwa hivi mimi nimeziona kwenye paja la ng'ombe," alisema. "Na ng'ombe hupigwa chapa na mwenyewe. Sasa mwenye Nakunda ni nani?"

Hakucheka mtu. Ikaamuliwa asubuhi Nakunda ashushwe Kileo, tambarare, kwa ndugu zetu, asiione tena taa ile. Nami nikaanza kumfungia nguo zake.

Bibi yetu alikuwa pale, anapukuchua maharage, kama hasikii.

"Fungua hicho kifurushi," aliniambia.

"Mama," akadakia baba mdogo, "humwoni mtoto alivyounguzwa?"

"Namwona. Na pua yake naiona. Huko Kileo kuna pua ya akiba?"

Baba mdogo akauachia mkono wa Nakunda.

"Mimi namshuku huyo Mzungu kuwapita nyote," bibi akaendelea. "Ndiyo maana siendi Kileo. Naenda kwake." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unashuku kama kuku. Unaruka, unapiga kelele, dakika mbili unarudi kudonoa pale pale. Shuku kama mtu. Kaa chini, umtazame anayekutia shaka mpaka umwone."

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Ila wengi wetu tunadhani tahadhari ni miguu tu.

Kesho yake tukaenda. Bwana Jua alitoka mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza.

"Marahaba. Leo sikuja kuumwa, baba. Nimekuja kuangalia."

Dresa alicheka, akajifanya anakohoa. Bibi akamshika Nakunda mkono, akamwonyesha daktari vile vimraba. "Hii nini?"

Daktari akaleta kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichotobolewa vidirisha, akatueleza, dresa akisaidia pale maneno yalipogoma. Kila ngozi ina kiasi chake cha kubeba mwanga. Huiweka ngozi ile mkononi chini ya taa, hufungua vidirisha vyote, kisha huvifunika kimoja kimoja, ili ajue mtu huyu huanza kuungua baada ya muda gani. Mkono ukishasema kiasi chake, ndipo uso huguswa.

"Na wewe umejipima?"

Mzee akakunja shati. Mwanangu, mkono ule ulikuwa shamba la vimraba, vingine vya hudhurungi, vingine vimekufa vyeupe, hadi kiwiko. Bibi alilowesha kidole gumba kwa mate, akavisugua kwa nguvu, aone kama ni rangi. Havikutoka.

"Haya. Na kinyama cha chupani?"

Hapo daktari alishusha mkono wa shati. Alisema hukitazama kwa hadubini aujue ugonjwa vizuri, na kinachobaki huenda nacho kwao kufundishia.

"Mtoto aliambiwa?"

"Hapana."

"Mimi?"

"Hapana, mama. Nilikosea."

"Basi shuku yangu nusu imekufa, nusu inapumua." Bibi akajifunga kanga upya kiunoni. "Huku kwetu kuna ndiva, bwawa la maji ya mashamba. Hafungui mtu mmoja peke yake. Husimama watu wa kila ukoo wenye shamba chini yake, macho yote kwenye mkono wa anayefungua. Nayo ni maji tu. Itakuwa uso wa mtoto? Kila ukiwasha taa yako, mmoja wetu atakaa ndani. Na hutakata kitu bila kuomba."

Akakubali. Aliyekaa ndani nikawa mimi, nimevalishwa miwani nyeusi kubwa mpaka Nakunda akaniita bundi. Sikumpenda daktari haraka, nisikudanganye. Nilimtazama mikono hadi nikazijua kucha zake. Alipokohoa nilishtuka, alipofungua kabati nilinyanyuka. Hakunifukuza hata mara moja.

Mvua za vuli zikaja, zikapita. Kidonda kikakauka, kikaacha ngozi nyembamba inayong'aa kama ganda la kitunguu. Pua ikabaki. Nakunda akarudi kwaya, mstari wa mbele, akiimba kwa nguvu hadi wenzake wakalalamika.

Basi, mwanangu, nisikilize. Asikwambie mtu kwamba kushuku ni dhambi. Mwenye kujua sana hukosa naye, na mwenye nia njema hukata kinyama asikuombe. Lakini shuku uliyoifungia nyumbani huchacha, ikakulevya, ukamkimbiza mgonjwa mbali na dawa yake. Ipeleke mchana kwa mwenyewe. Uliza, ngoja jibu, sugua kwa kidole. La uongo likifutika, ondoka na watu wako. La kweli likibaki, kaa, ila macho usifumbe. Mungu akupe jicho la kuona na moyo usiooza kwa kuona. Akulindie uso wako na uso wa mdogo wako. Amina.

Nikuongezee moja, ambalo hata bibi hakulijua. Siku ya mwisho ya taa, Bwana Jua alimwomba Nakunda kinyama kingine, cha ngozi iliyopona. Nakunda akakataa, akatoka zake nje. Mzee akainamisha kichwa, akaweka kisu chini. Akasema hata ngozi ya mtu yeyote asiyeugua ingemfaa, ailinganishe na ile ya kwanza, ila hamlazimishi mtu.

Tulibaki yeye, dresa na mimi.

"Utaipeleka wapi?" nikauliza.

"Darasani, kwa wanafunzi wangu."

"Utawaambia ni ya nani?"

"Unataka niwaambieje?"

"Waambie ni ya binti wa Upareni. Na waambie muda wote alikuwa anakutazama."

Nikavua ile miwani nyeusi, nikakunja mkono wa gauni langu, nikamnyoshea.